Mwenye Duka Akifa

Mjomba wangu ana duka la vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo, na kwake kampuni zote za dunia hupimwa kwa swali moja. Ukimwambia umepata kazi mahali, hakuulizi mshahara wala bima. Anarudisha kofia nyuma kidogo, anakohoa, anasema: "Haya, mama. Na mwenyewe akifa, hiyo kampuni inakwenda kwa nani?"

Zamani nilidhani ni uchuro wa wazee. Nimefanya kazi Japani, nikafanya kwa Wakorea, na huu ni mwaka wa tisa nanunua mizigo China, na mara nyingi nilipokwama nisielewe kwa nini bosi kafanya alivyofanya, jibu lilikuwa limejificha kwenye swali hilo la mjomba.

Yeye analo la kumuuma. Babu yetu alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, majora ya vitambaa mpaka darini na mizani ya shaba mlangoni. Alipofariki aliacha wake wawili na watoto tisa. Mirathi ilipigwa na shehe anayeijua kazi yake: wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, wajane thumuni yao. Hapakuwa na kelele hata moja, na hilo familia yetu inajivunia mpaka leo. Ndani ya miezi sita duka halikuwapo. Mizani ilikwenda Pangani, kabati la vioo likakaa kwa shangazi mmoja likiwekewa vyombo vya Idi. Kila mtu alipata haki yake, ila duka lenyewe halikupata mtu.

Vijana wanaotaka kuanza kuagiza mizigo huniuliza, "Dada, hawa Waasia wakoje kibiashara?" Halafu wanaanza kunisomea walichokiona mtandaoni: wanaheshimu wakubwa, wanajali uso wa mtu, wote wamelelewa na mafundisho ya Confucius, yule mwalimu wa kale wa China. Sikatai. Lakini Confucius ni yule yule mmoja, na ofisi tatu nilizokaa hazikufanana hata kwa namna ya kununua katoni.

Nianze na hizo katoni.

Nilikwenda Nagoya kusoma, nikabaki kufanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri cha watu kama sitini. Kiwanda chetu kilimuuzia mtu, aliyemuuzia mtu, aliyeiuzia kampuni ya magari. Kazi yangu ilikuwa barua za Kiingereza na, nisifiche, kumimina chai wageni wakija, kwa kuwa nilikuwa mwanamke na mdogo kuliko wote. Siku moja ikaonekana kuna mtengeneza katoni mwingine mwenye bei nzuri zaidi. Mkuu wa kitengo chetu akaandika karatasi ya kupendekeza tuhamie kwake. Karatasi hiyo inaitwa ringisho, na juu yake ina mstari wa visanduku vidogo vitupu. Kila kisanduku kinangoja muhuri wa mtu mmoja: duara dogo kuliko kifungo cha shati, wino mwekundu, ndani jina la ukoo. Nilivihesabu. Vilikuwa tisa.

Wiki ya kwanza karatasi haikuondoka mezani. Nikadhani imesahauliwa. Kumbe mzee wa stoo alikuwa na neno lake kuhusu katoni mpya, na neno hilo hakuweza kulisema kikaoni mbele za watu, basi mkuu wa kitengo akawa anatoka naye kuvuta sigara kila mchana. Baadaye akaenda kwa wa usafirishaji, kisha kwa wa ubora, kila mmoja peke yake. Shughuli hiyo Wajapani wanaiita nemawashi, neno la watunza bustani: kabla ya kuhamisha mti mkubwa unachimba kuuzunguka, unaiandaa mizizi taratibu, ili siku ya kung'oa usinyauke. Siku ya kikao rasmi tulikaa dakika kumi. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeuliza. Mihuri tisa ikakamilika, wa mwisho ukiwa wa mwenye kampuni, ambaye sidhani hata aliisoma karatasi yenyewe, maana wanane walikwisha isoma.

Wiki sita kwa katoni. Nilipompigia mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Nisichomweleza vizuri ni Jumatatu iliyofuata: stoo, usafirishaji, mhasibu, dereva wa lori, wote waliamkia katoni mpya kama vile ndizo walizozaliwa nazo. Hapakuwa na mtu wa kuuliza "hii nani kaamua?" Na kweli, ukiuliza nani aliamua, hupati jina. (Niliambiwa kuna ofisi, hasa za benki, ambako mtu wa chini anaupiga muhuri wake ukiwa umeinama kidogo kushoto, kuelekea kisanduku cha bosi, kama unamwinamia. Sikuwahi kuona kwa macho yangu, lakini kwa niliyoyaona naamini.)

"Na mwenyewe akifa?" mjomba akauliza.

Mwenyewe, yule shachō wetu, hakuwa mtoto wa mwanzilishi. Alikuwa fundi wa mashine pale pale kiwandani. Mzee alikuwa na watoto wa kiume, lakini aliyemchagua ni huyu fundi: akamwoza binti yake, na bwana harusi akaacha jina la kwao akachukua la ukweni. Kwetu mwanamume akihamia kwa mkewe atatafutiwa jina la kejeli kabla jua halijazama. Japani anaitwa mukoyōshi, mkwe aliyefanywa mwana, na pale kiwandani sikusikia mtu akimnong'ona.

Msomaji wa Dar anayejua kirikuu, zile Suzuki ndogo za kubebea mizigo, anaujua utaratibu huu bila kujijua. Osamu Suzuki, aliyeiongoza kampuni hiyo kuanzia 1978 na kukaa juu yake zaidi ya miaka 40, alizaliwa Matsuda. Alioa mjukuu wa mwanzilishi, akawa Suzuki. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 94, na wala hakuwa mkwe wa kwanza kuishika kampuni hiyo. Wafanyabiashara wa zamani wa Osaka walikuwa wakifurahi kupata binti, kwa hesabu rahisi: mtoto wa kiume unampokea alivyo, ila mkwe unamchagua.

Kwa Wajapani, nyumba ndiyo inayorithiwa, na nyumba ni jina, kazi, wateja, deni na sifa. Damu ni njia moja tu ya kuifikisha nyumba kwa mtu anayefuata, na kama damu imetoa mtoto goigoi, njia nyingine zipo. Mrithi ni mmoja. Wengine wanatoka wakatafute maisha. Ndivyo kampuni ya mafundi wa mahekalu ya Kongo Gumi, iliyoanza mwaka 578 huko Osaka, ilivyovuka vizazi arobaini. Wakwe wamo katika orodha ya wakuu wake, na miaka ya 1930 alimo hata mjane. Iliishia mikononi mwa kampuni nyingine mwaka 2006, baada ya madeni ya miaka ile bei za ardhi zilipopaa zikaanguka. Kinachonifurahisha ni kwamba fundi aliyeianzisha aliletwa kutoka Baekje, ufalme wa rasi ya Korea. Mkorea, tuseme. Kama angebaki kwao na kufuata desturi zilizokuja baadaye huko, sidhani kama kampuni yake ingevuka hivyo.

Kisha yakaja ya mwaka 1945. Familia zilizomiliki Mitsui, Mitsubishi na Sumitomo, zilizokuwa zimeshika sehemu kubwa ya uchumi, zikanyang'anywa hisa na Wamarekani waliokuwa wameikalia Japani. Kampuni zilibaki bila wenyewe. Zikafanya jambo la ajabu: zikanunuliana hisa zenyewe kwa zenyewe, benki ikiwa katikati, mpaka ikawa kila moja inamilikiwa kidogo kidogo na wenzake na hakuna mtu wa kusema "hii yangu". Nyumba isiyo na baba. Waliobaki ndani, wafanyakazi wa kudumu walioajiriwa mwezi Aprili wakitoka chuoni na kukaa mpaka kustaafu, ndio wakawa wana wa nyumba. Ukilielewa hilo, mihuri tisa haikushangazi tena. Mambo ya nyumba huamuliwa na waliomo ndani.

Na wasio wa nyumba hawana kisanduku. Akina mama wa kibarua walioshika nusu ya mashine zetu hawakuwamo kwenye ringisho yoyote. Mimi nilichongewa muhuri wangu kwa herufi za katakana, zile wanazoandikia majina ya kigeni, nikakabidhiwa kwa mikono miwili na watu wakapiga makofi. Niliutumia kupokea vifurushi vya posta.

Sasa Korea. Zile himaya za kampuni za familia, kama Mitsui, Wajapani waliziita zaibatsu; ukiliandika neno hilo kwa herufi za Kichina, Mkorea atalisoma chaebol. Neno ni moja, herufi zile zile. Humo ndani hamfanani.

Niliporudi Dar niliajiriwa kwenye ofisi ya mradi ya kampuni moja ya ujenzi kutoka Korea, kitengo cha manunuzi. Kwa mwaka mzima sikujua jina la kwanza la bosi wangu. Alikuwa Gwajangnim, yaani Bwana Mkuu wa Kitengo, basi. Chini yake walikuwa daeri na sawon, juu yake chajang na bujang, na juu zaidi wenye vyeo ambao ulijua wamefika kwa jinsi viti vilivyokuwa vikisogezwa. Wanaume wote wa Kikorea pale walikuwa wamepita jeshini kwa lazima, na nadhani aliyepita JKT angeizoea ofisi ile haraka kuliko mimi niliyetoka kwenye mihuri.

Usiku mmoja, saa mbili, tukiwa bado kazini kwa sababu bujang alikuwa bado kazini, simu ikaja kutoka Seoul. Mwenyekiti kaona picha za mradi, hakupenda vigae. Anataka bei za vigae vingine, wauzaji watatu, asubuhi mezani. Tukawaamsha wenye maduka mmoja mmoja. Saa kumi na moja alfajiri kazi ilikuwa imekwisha na gwajang akatununulia chai ya maziwa na vitumbua nje ya geti. Saa nne asubuhi simu nyingine: mwenyekiti amefikiri tena, vile vya kwanza viendelee. Karatasi zikaingia kwenye pipa. Nilitazama nyuso za wenzangu nikitafuta walau mtu wa kusonya. Hakuna. Ppalli-ppalli, haraka haraka, haina muda wa kusonya.

Wakati ule nilikasirika. Baadaye nilipelekwa Seoul wiki moja kwa mafunzo na huko nikaona upande mwingine. Jioni kukawa na hoesik, chakula cha ofisi, ambacho kwa maneno ni hiari. Tulikaa kwa vyeo. Mimi na samaki wangu pembeni, wao na nyama yao na soju, pombe yao. Mdogo anamimina kwa mikono miwili, na akinywa mbele ya mkubwa anageuza uso pembeni asionekane anakunywa naye ana kwa ana. Mimi nilipewa saida, soda yao ya ndimu, na bila kufikiri nikageuza uso kama wenzangu, nikaificha ile soda kwa kiganja. Bujang aliona. Alicheka mpaka akafuta machozi na kitambaa, meza nzima ikamfuata. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wao. Usiku ule ule gwajang akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ratiba ya mradi haiwezekani na anajua haiwezekani. Ofisini neno hilo lisingemtoka hata kwa kiboko.

Wakorea wana kisa wanachokipenda cha Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, aliyetoroka kwao kijijini, upande ambao leo ni Korea Kaskazini, kwa hela za ng'ombe wa baba yake. Mwaka 1971 alikwenda London kutafuta mkopo wa kujenga kiwanda cha meli. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na picha ya ufukwe wa Ulsan. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa Wakorea wanajua nini kuhusu meli, alitoa mfukoni noti ya won 500 yenye picha ya ile meli ya kivita yenye gamba la kobe, akasema sisi tulizijenga hizi karne ya kumi na sita. Ujenzi ulianza 1972. Kiwanda na meli za mafuta za kwanza vikajengwa kwa pamoja, gati haijakamilika huku bati za meli zinaunganishwa, na kufikia 1974 vyote vilikuwa vimesimama. Jambo kama hilo halipiti kwenye mihuri tisa. Linataka mtu mmoja anayesema "twende", na nyuma yake, tusidanganyane, serikali ya rais wa wakati ule, Park Chung-hee, iliyokuwa imezishika benki zote mkononi na kuamua nani akopeshwe.

Mtu mmoja. Basi, na akifa?

Hapa ndipo Wakorea wanapoachana na Wajapani kabisa. Kwao nyumba ni damu, damu ya upande wa baba, na jina la ukoo halivaliwi na mkwe kama koti. Tazama LG. Mwenyekiti wa kizazi cha tatu, Koo Bon-moo, alikuwa na mwana mmoja wa kiume, akafariki. Mabinti walikuwapo. Mjapani angeanza kutazama vijana hodari ofisini kwa macho ya kuoza. Koo, mwaka 2004, alimfanya mwanawe mtoto mkubwa wa mdogo wake, Koo Kwang-mo, na baba alipofariki 2018 kijana huyo akakaa kwenye kiti akiwa na miaka arobaini. Mwaka 2023 mjane na mabinti wakaenda mahakamani kudai mirathi igawanywe upya. Nilimsomea mjomba habari hiyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hao mabinti wana haki yao," kisha akaongeza, "lakini na kampuni je?" Sikumjibu. Mimi ni binti, yeye ni mwenye duka.

Tofauti hiyo ya nani anaweza kuwa mwana inashuka mpaka kwenye vigae vyetu vya usiku. Kama juu pamekaliwa na damu na hakuna jitihada yako itakayokufikisha huko, unachobakiwa nacho ni kupanda ngazi zilizopo haraka kuliko mwenzako na kutomwudhi wa juu yako. Kwa mwenye damu vile vile hakuna wa kumzuia. Akipatia, inatoka Ulsan. Akikosea anazama na maelfu, kama Daewoo, chaebol nyingine, ilivyozama 1999. Na wana wakiwa wengi inakuwa kama Hyundai mwaka 2000, ndugu wakigombea ufalme magazetini, mpaka kampuni ikagawanyika baba yao akiwa bado hai.

China nitaikaribia kupitia zipu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya sasa. (Zipu nzuri iliyomo kwenye suruali yako pengine ina herufi YKK. Ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934. Ninazoagiza mimi hazina herufi hizo.)

Yiwu, mkoa wa Zhejiang, ni mji ambao zamani ulikuwa na ardhi mbaya na wachuuzi wengi. Walizunguka vijijini na sukari guru, wakiibadilisha kwa manyoya ya kuku ya kutengenezea mbolea na mafagio. Mwaka 1982 serikali ya wilaya ikaruhusu soko lao la uchochoroni lifanye kazi hadharani. Leo soko hilo lina vibanda makumi kwa maelfu, na ukitaka kuona vyote unaweza kuzeeka humo.

Nanunua kwa mume na mke wenye kiwanda cha watu ishirini na wawili. Mume ndiye laoban, bosi. Anavuta sigara, anasimulia, anakumiminia chai, anakubali bei. Mke, laobanniang, amekaa nyuma na kikokotoo. Mwaka wa kwanza nilipatana na laoban bei ya zipu za sentimita ishirini, tukashikana mikono. Mke akasema maneno mawili kwa lahaja yao, bila kuinua macho. Laoban akacheka, akaniambia bei imepanda kidogo. Tangu siku hiyo nikifika nasalimia bwana, nakaa upande wa bibi.

Kwa sababu muhuri uko kwake. China kampuni ina muhuri mmoja mkubwa wa kweli, wa duara, mwekundu, una nyota katikati na jina la kampuni limezunguka. Kwa watu na kwa sheria huo ndio sauti ya kampuni: mkataba wenye muhuri umesemwa. Laobanniang anaufungia kwenye kasha la chuma, ndani ya kopo la biskuti, na ufunguo hautoki kiunoni mwake. Nilidhani ni hofu ya kijijini mpaka Aprili 2020, pale mwanzilishi mmoja wa Dangdang, kampuni kubwa ya kuuza vitabu mtandaoni, alipoingia ofisini Beijing na wenzake akaondoka na mihuri ya kampuni. Mwanzilishi mwenzake, aliyekuwa akiongoza, alikuwa mkewe waliyekuwa wakiachana. Sijui kama kuna ofisi Nagoya ambako mtu angehangaika kuiba mihuri. Angeiba tisa, na asubuhi wangechonga tisa mingine.

Muhuri mmoja ndani ya kopo moja maana yake ni uamuzi wa dakika kumi. Nimebadilisha rangi ya zipu elfu hamsini kwa ujumbe wa simu, nao wakakubali kabla sijashuka daladala. Maana yake vile vile ni kwamba duara la wanaoaminiwa linaishia kwa mume, mke, na shemeji anayeendesha lori. Msimamizi wao wa kiwanda alikuwa kijana hodari sana, miaka minane pale. Alijua ufunguo ule hautafika kwake kamwe. Mwaka juzi akaaga vizuri, akafungua kibanda chake mita mia kutoka hapo, na nusu ya mafundi wakamfuata. Laoban hakukasirika kiasi nilichotarajia, kwani naye alianza hivyo hivyo. Wana msemo wao: bora uwe kichwa cha kuku kuliko mkia wa ng'ombe.

Chini ya yote hayo iko mirathi. Kwa karne nyingi Wachina waligawa mali ya baba sawasawa kwa wana wote wa kiume. Jiko linagawanywa, shamba linagawanywa, duka linagawanywa. Husema wenyewe kwamba utajiri hauvuki vizazi vitatu. Mtu anayejua biashara yake itakatwa vipande hajengi kampuni ya miaka elfu. Anajenga ya kwake, upesi, na pembeni anawajengea watoto nyingine.

Mjomba nilipomweleza alipiga goti lake kwa kiganja. "Hao ni sisi!"

Taiwan walilifanya hilo kuwa uchumi mzima. Miaka ya 1970 serikali ilihimiza sebule zigeuzwe viwanda, na kweli watu wakashona, wakaunganisha miavuli na taa za Krismasi wakiwa na watoto wao sakafuni. Mtaji mwingi haukutoka benki, ulitoka kwenye hui, ambayo mwanamke yeyote wa Kiswahili akielezwa atasema ni upatu, isipokuwa huko wanapigania zamu kwa kuahidi riba: mwenye shida zaidi anataja kikubwa zaidi, anachukua kapu la mwezi huo. Na kabla ya miaka hiyo alikwisha kutokea mtu kama Wang Yung-ching. Alianza kijana na duka la mchele huko Chiayi, akiuchambua mchele mawe na mchanga kabla ya kuuza, na akiandika daftarini kila nyumba ina watu wangapi ili ajue lini mchele wao utakwisha awapelekee kabla hawajaomba. Huyo ndiye aliyekuja kujenga Formosa Plastics, mwaka 1954.

Wang alikuwa na watoto wengi kwa wake zaidi ya mmoja, na alijua mgawanyo ungefanya nini. Sehemu kubwa ya hisa alizipeleka kwenye hospitali aliyoianzisha 1976 kwa jina la baba yake, na kwenye mifuko isiyogawanyika. Mswahili angesema ameweka wakfu. Alipofariki 2008 hakuacha wasia, na watoto wakaingia mahakamani juu ya kilichobaki, lakini kampuni zenyewe zilikuwa zimekwisha kuwekwa mahali ambapo mikono haifiki.

Kampuni za serikali ya China, zile za mafuta, benki na reli ambazo mkuu wake huteuliwa na chama, naziacha. Sijawahi kununua hata kifungo kwao.

Sasa kote huko mambo yamegota mahali pamoja: watoto hakuna. Japani viwanda vidogo vyenye faida nzuri vinafungwa kwa kukosa mtu, hata mkwe, na mihuri yenyewe serikali ilianza kuiondoa kwenye fomu zake mwaka 2020. Korea, ambako mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 0.72 kwa mwanamke, Lee Jae-yong wa Samsung alisimama Mei 2020 akasema wanawe hawatarithi uongozi. China sera ya mtoto mmoja, iliyodumu mpaka 2015, imeondoa ndugu wa kugawana nao. Mzee Zong wa vinywaji vya Wahaha alipofariki 2024 watu wote walidhani ana mrithi mmoja, binti, jambo limekwisha. Mwaka uliofuata wakajitokeza watatu kwenye mahakama ya Hong Kong wakisema nao ni watoto wa marehemu.

Laoban na laobanniang wangu wana mmoja tu, binti. Anaandika programu za simu huko Hangzhou na zipu hataki kuzisikia. Kila nikienda mama yake ananivuta pembeni: zungumza naye wewe, wewe ni mwanamke na unafanya biashara, atakusikia. Nimezungumza naye mara mbili. Ni msichana mzuri, ananiuliza kuhusu Zanzibar.

Mwezi uliopita wakala wangu wa forodha alinirudishia invoisi, haina muhuri. Mzigo uko bandarini, siku zinahesabiwa. Nikamwandikia laobanniang. Akajibu na uso wa aibu: Mwaka Mpya alimkabidhi binti ule ufunguo, avae mwenyewe, azoee. Likizo ilipokwisha binti akapanda treni kurudi Hangzhou na ufunguo ndani ya mkoba. Laoban ameita fundi wa kasha, fundi anaogopa kulivunja bila karatasi, na karatasi inataka muhuri.

Nilimsimulia mjomba jioni, tukiwa tunafunga duka. Alicheka vizuri, akashusha shata, akapiga kufuli la kwanza na la pili, akatia funguo mfuko wa ndani wa koti. Tulipofika kwenye kona ya Msimbazi akasimama.

"Huyo binti," akasema, "ameshaolewa?"